Supu ya Mwani

Siku mia moja nilikwenda maombi ya alfajiri,
hata siku ya tufani, mwavuli ulipopinduka mkononi.
Shemasi Bok-hui aliniambia, "Una imani wewe."
Nikainamisha kichwa kama mtu anayepokea chenji.

Jirani zangu walipanda Palgong
wakamalizia magoti yao mbele ya Buda wa jiwe
mwenye kofia bapa ya jiwe kichwani.
Nami dukani, pini kinywani,
nikibadilisha zipu ya suruali ya mtu,
niliwacheka kimoyomoyo:
jiwe lina masikio gani?

Nyumbani, chini ya msalaba wa mbao,
nilibandika matokeo ya mtihani wa majaribio.
Kiingereza, daraja la kwanza. Hisabati, la pili.
Kikorea, la tatu: hilo nililizungushia wino mwekundu.
Kila nilipoinua macho nisali
yaliishia pale.

Jumapili za Tae-yul niliziuza kwa mwalimu wa tuisheni.
Nilimwambia mchungaji, ni mwaka huu tu, Mungu anaelewa.
Kumbe nilikuwa nimempa Mungu kiti cha nyuma,
ashike mkoba, asubiri kuitwa.
Nilifunga pia. Siku tatu, maji tu.
Ilikuwa rushwa,
na rushwa hata ukiikunja kwenye leso nyeupe ni rushwa.

Oktoba mtoto alitimiza miaka kumi na minane.
Kwetu siku ya kuzaliwa ni supu ya mwani,
ile anayokunywa mama akitoka uzazini.
Sikupika.
Mwani huteleza; anayeunywa kabla ya mtihani huteleza nao.
Mimi, mwalimu wa watoto kanisani miaka kumi na mmoja,
nilimwambia mwanangu mwani umepanda bei.
Akanitazama. Akala wali mkavu.

Siku yenyewe, langoni mwa shule,
akina mama walibandika peremende za kunata kwenye nguzo
ili watoto wao wanate chuoni.
Bibi mmoja alinigawia kipande. Nikakibandika.
Kidole changu kilinuka sukari hadi jioni.

Mchana ndege zote zilizuiwa angani
wapate kusikiliza Kiingereza bila mngurumo.
Nchi nzima ikashusha sauti.
Sijawahi kuona watu wakimnyamazia Mungu hivyo,
wala mimi mwenyewe.
Hapo nikasikia (si sauti, usidhani ni sauti)
maombi yangu ya siku mia:
namba, namba, namba, kisha Amina.
Nikawakumbuka wale wa mlimani.
Wao angalau jiwe lao waliliacha mlimani.
Langu lilikuwa na kitambulisho cha shule,
na mafua, na soksi mbili zisizofanana.
Maskini mtoto. Nani awezaye kubeba uzito wa kuabudiwa?

Alipotoka giza lilikuwa limeingia.
Swali lilishafika ulimini: Kikorea kilikuwaje?
Nililimeza. Lilikwaruza.
Nikamuuliza kama miguu ina baridi.

Usiku nilibandua karatasi. Rangi ya ukuta ilitoka nayo,
pakabaki kovu la mraba chini ya msalaba.
Kalenda ipo, ingelifunika. Nimeliacha.

Alfajiri ya siku ya mia na moja viti vilikuwa vitupu.
Hata Bok-hui hakuja.
Nilifungua kinywa, namba ikatoka kwanza, kwa mazoea.
Nikaanza upya: "Baba."
Nikakwama hapo, muda mrefu, magoti yakiuma.

Nilirudi nikaloweka mwani.
Ulivimba, mweusi, ukajaza bakuli lote.
Tae-yul aliiangalia supu, akaniangalia mimi.
"Siku yangu ya kuzaliwa ilishapita," akasema.
"Najua," nikasema. "Kunywa polepole, ni ya moto."